Kufundisha Bonde na Mto kwa Vitendo: Kwa Nini Shule za Katumba Zipime Mito Kiangazi

Mada kwa ajili ya semina ya walimu wa sayansi na jiografia na walezi wa klabu za mazingira, Katumba, Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, Mkoa wa Katavi

1. Utangulizi



Waandaaji wameniomba nizungumzie namna ya kuwafundisha wanafunzi wetu habari za mabonde ya mito na uhai ulio ndani ya mito hiyo kwa kutumia miradi ya vitendo. Wamenipa pia orodha ya dhana za kufafanua. Nitazipitia haraka, maana zimo katika vitabu vya kiada na kila mwalimu aliyeketi humu ameshazifundisha. Muda mwingi nitautumia kwa jambo moja ambalo nimelipigania kwa miaka mingi bila kufika ninapotaka: shule zetu huenda mtoni masika, na kiangazi kikianza zinaacha.

2. Dhana muhimu

Bonde la mto ni ardhi yote ambayo maji yake, yale yanayotiririka juu na yale yanayopenya chini, huishia katika mto mmoja. Kidakio ni sehemu ndogo ya bonde hilo, yenye kijito chake. Ikolojia ya mto ni uhusiano uliopo kati ya maji, kingo, mimea na viumbe wanaoishi humo. Nchi yetu imegawanywa katika mabonde makuu 9, nayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua bodi za maji za mabonde na jumuiya za watumia maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi wa kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Dhana zinatosha hapo.

Ila kuna jambo moja la jiografia yetu ambalo vitabu vya kiada haviwezi kutusemea. Halmashauri ya Nsimbo imekaa juu ya mpaka wa mabonde mawili makubwa. Upande wa kusini uko Mto Katuma, unaopita Sitalike na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Maji yake huishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka. Upande wa kaskazini uko Mto Ugalla, unaoingia Malagarasi, na Malagarasi humimina Ziwa Tanganyika. Kutoka humo maji hutoka kwa Mto Lukuga, yakaingia Mto Kongo, yakafika Bahari ya Atlantiki. Mvua ile ile moja, katika wilaya moja, inaweza kufa kwa jua la Rukwa au kufika baharini upande wa pili wa Afrika.

Zoezi la kwanza kwa darasa lolote la hapa lisiwe kuchora mchoro wa kitabuni. Wanafunzi waanzie kwenye mfereji unaotoa maji ya paa la darasa lao, waufuate kwa miguu hadi kijito cha kwanza, waulize wenyeji kijito hicho kinaingia wapi, kisha waendelee kwenye ramani. Mwishoni waandike jina la ziwa ambalo maji ya shule yao yanakwenda. Zoezi hili halina gharama, na nimeona watu wazima wakibishana juu ya jibu lake.

3. Zana na njia za kupima

Nguzo ya kupimia kina ni mti mnyoofu mgumu, uliopakwa rangi na kuwekewa alama kila sentimita 5, ukasimikwa mahali ambapo mtu anaweza kuusoma akiwa ukingoni au darajani. Kwa kasi ya maji tunatumia chungwa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi. Likipita mita 10 kwa sekunde 25, kasi ni mita 0.4 kwa sekunde. Kama kijito kina upana wa mita 3 na kina cha wastani cha mita 0.2, zidisha vyote vitatu upate 0.24, kisha zidisha kwa 0.85, kwa sababu maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini. Unapata takriban lita 200 kwa sekunde. Hesabu hii ni ya shule ya msingi, na mtoto aliyeifanya mtoni haisahau.

Uwazi wa maji hupimwa kwa chupa ndefu inayopitisha mwanga, iliyochorwa alama nyeusi na nyeupe chini ya kitako. Mvua hupimwa kwa chupa iliyokatwa shingo na kugeuzwa kuwa faneli. Haya yote yanaweza kumudiwa hata kwa ruzuku ya uendeshaji ya shule.

Wadudu wa majini ndio sehemu wanafunzi wanayoipenda kuliko zote. Kinachohitajika ni kichujio, sinia jeupe na macho. Mabuu yenye mikia mitatu na matamvua ya kupumulia ubavuni, na wale wanaojijengea vijumba vya mchanga na vijiti, kwa kawaida huonyesha maji yenye hewa nyingi. Mkikuta mabuu mekundu membamba yamejaa na wengine wametoweka, kuna jambo linalohitaji kuulizwa huko juu. Afrika Kusini kuna njia iliyorahisishwa kwa ajili ya shule, miniSASS, yenye makundi 13 tu ya viumbe. Kwa mito ya Tanzania tunao mfumo wetu, TARISS, uliochapishwa mwaka 2015 na watafiti akiwemo Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mfumo huo ni wa wataalamu, lakini unathibitisha kwamba wadudu wa mito yetu wanaweza kusomwa kwa alama zetu wenyewe.

Klabu za kufanyia kazi hii zipo. Malihai ilianza mwaka 1980. Roots & Shoots ilianzia Dar es Salaam mwaka 1991 na ikaenea duniani. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unasisitiza umahiri. Kwa hiyo zana, klabu na sera vipo. Ndiyo maana tatizo ninalolieleza sasa linanisumbua.

4. Tatizo la kiangazi

Tutazame kalenda. Wiki ya Maji hufikia kilele tarehe 22 Machi. Siku ya Taifa ya kupanda miti ni tarehe 1 Aprili. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni. Sisi Katavi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo siku zote tatu ambazo shule hupata kibali, usafiri na mgeni rasmi huangukia wakati mito imejaa au ndiyo kwanza inaanza kupungua. Mtoto anasimama ukingoni, anaona maji mengi yenye rangi ya udongo, anasikiliza hotuba kuhusu uhaba wa maji, anarudi darasani. Hotuba imemwambia jambo moja na macho yamemwambia jingine. Mtoto huamini macho yake.

Mto wa Machi hauelezi hali ya bonde. Maji yanayoonekana wakati huo ni ya mvua iliyonyesha jana na juzi. Mto wa Septemba ndio unaoeleza, kwa sababu maji yake yalipenya ardhini miezi mingi iliyopita, chini ya miombo na ndani ya mbuga zenye unyevu, na sasa yanatoka kidogo kidogo. Miti ikikatwa miteremkoni kwa mashamba, mkaa na kuni za mabani ya tumbaku, ardhi ikakanyagwa na mifugo hadi ikawa ngumu, mbuga zikachimbwa mitaro ya kuzikausha, maji hayapenyi. Yanakimbia. Matokeo yake mto wa Machi unaweza kuonekana mkubwa kuliko zamani, huku ule wa Septemba ukikatika mapema zaidi. Shule inayokwenda mtoni Machi peke yake inaweza kuandika kwamba hali inaimarika wakati bonde linaharibika. Hilo ni fundisho la uongo, na tunalitoa kwa nia njema kila mwaka.

Mfano mkubwa uko jirani. Mwaka 2010 Manase Elisa, Justin Gara na Eric Wolanski walichapisha mapitio kuhusu upungufu wa maji katika hifadhi za Tanzania, wakiuwekea mkazo Mto Katuma na Ziwa Rukwa. Walionyesha jinsi mto huo ulivyofikia kukatika kwa sehemu ya mwaka, na umwagiliaji wa huko juu ukiwa miongoni mwa sababu. Yeyote aliyepita Sitalike mwezi Oktoba amewaona viboko walivyobanana kwenye dimbwi la matope. Lakini ukiuliza mto ulikatika tarehe ngapi mwaka jana na mwaka juzi, na ulianza kukatika sehemu gani, kila mtu ana jibu lake. Mwenye shamba la mpunga anamtaja mfugaji. Mfugaji anamtaja mwenye banio la umwagiliaji. Wote wawili wanamtaja mkata mkaa.

Hapo ndipo shule zingeweza kutoa kitu ambacho hakuna mwingine anayekitoa. Nguzo moja inasema maji yamepungua. Nguzo mbili kwenye kijito kimoja, zikisomwa asubuhi moja na shule mbili, zinasema yamepungua kati ya wapi na wapi. Shule tatu au nne zikisoma kila Jumatatu kuanzia Julai hadi Novemba, kwa miaka mitatu mfululizo, tutakuwa na kumbukumbu ya kijito chetu itakayoweza kuwekwa mezani kwenye mkutano wa kijiji. Fedha za mradi hazihitajiki. Kinachohitajika ni ratiba na msimamo.

Kwa nini haifanyiki? Sababu ya kwanza inayotajwa ni mitihani, nami naiheshimu. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, darasa la nne Oktoba, kidato cha pili na cha nne Novemba. Mkuu wa shule anapimwa kwa ufaulu, hapimwi kwa nguzo ya mtoni. Lakini hakuna anayeomba madarasa ya mtihani. Darasa la tano na la sita, kidato cha kwanza na cha tatu wapo. Usomaji mmoja, shule ikiwa karibu na kijito, hauzidi muda wa kipindi kimoja, nao huhitaji wanafunzi wanne na mwalimu mmoja. Hoja hii tumeieleza kwa maandishi na kwa mdomo, na kila mara imepokelewa vizuri, ikaahidiwa kufanyiwa kazi muhula ujao. Muhula ujao ni wa mvua.

Sababu ya pili ni imani kwamba kiangazi hakuna cha kuona. Katika shule moja wanafunzi waliandika "0" wiki hadi wiki baada ya kijito kukatika. Daftari lilipokaguliwa, kurasa zile zilipigwa mstari mwekundu na kuandikwa "kazi haikufanyika." Ile ndiyo kazi iliyofanyika vizuri kuliko zote katika daftari lile. Sifuri yenye tarehe ni kipimo. Tofauti kati ya kijito kilichokatika wiki ya kwanza ya Agosti na kilichokatika wiki ya mwisho ya Oktoba ndiyo habari yote ya bonde lile, na wale watoto walikuwa wameikamata.

Sababu ya tatu ni uhamisho. Mlezi wa klabu akihamishwa, daftari la mto huondoka naye au hubaki kwenye kabati lisilofunguliwa. Tunakabidhiana viti, meza, vitabu na funguo za stoo. Daftari la mto halimo kwenye orodha ya makabidhiano. Nimewahi kuomba liingizwe, nikaambiwa orodha ina utaratibu wake. Silaumu ofisi yoyote. Nasema tu kwamba kumbukumbu ya miaka miwili ikipotea hairudi, kwa sababu Septemba iliyopita haipimwi tena.

Sababu ya nne huwa haisemwi kwenye vikao, nami naona ndiyo nzito kuliko zote. Kiangazi ndicho kipindi watu wanapolima mabondeni. Mboga, maharage na mahindi mabichi yanayouzwa Mpanda mjini mwezi Septemba yanatoka kwenye bustani za kando ya maji, na nyingi ziko ndani ya zile mita 60. Watoto wakionekana wanapita na daftari, wanapima, wanaandika, mzazi anajiuliza wanamwandikia nani. Nimeulizwa swali hilo na mama mmoja akiwa na ndoo ya kumwagilia mkononi, tena kwa upole: "Mwalimu, hawa watoto wetu mmewafanya wapelelezi?"

Tusilichukulie swali hilo kama ujinga. Hapa ni Katumba. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1973 kwa watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 Burundi. Wazee walifyeka pori, wakajenga, wakazaa, na kwa miongo kadhaa hawakujua kama watabaki. Hata baada ya uraia kutangazwa mwaka 2010, palikuwa na mpango wa kuwahamishia mikoa mingine, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014 baada ya mpango huo kuachwa. Mtu aliyeishi hivyo akiona mtoto wake anapima umbali kutoka ukingoni hadi kwenye tuta la maharage, ana haki ya kuogopa. Na mwalimu mkuu anayeishi naye kijiji kimoja ana sababu ya kusema, "Tusubiri masika."

Nimefikia msimamo huu, na najua baadhi ya wataalamu wenzangu hawaukubali: shule isipime mashamba ya watu. Ipime maji tu. Daftari la mto lisiwe na jina la mkulima, lisiwe na ramani ya bustani, na lisitumike kama ushahidi dhidi ya mzazi yeyote. Usimamizi wa sheria una wahusika wake, nao ni watu wazima wanaolipwa kwa kazi hiyo. Tukichanganya mambo haya mawili tutampoteza mzazi, kisha tutampoteza mtoto, na mto utabaki bila mtu wa kuupima. Wazazi wakiona namba zenyewe zimebandikwa ukutani, zikionyesha maji yalivyoshuka wiki hadi wiki, mjadala huanza wenyewe. Nimeuona ukianza, na aliyeuanzisha alikuwa mkulima wa bondeni aliyetaka kujua kwa nini jirani yake wa juu alipata maji wiki tatu zaidi.

Hao wazee waliofyeka pori wanabeba pia kumbukumbu ambayo hakuna kifaa kitakachotupatia: vijito vipi vilikuwa havikatiki walipofika, chemchemi zilikuwa wapi, samaki gani walipatikana. Mwanafunzi anayejua Kirundi cha nyumbani anaweza kumhoji bibi yake kwa Kirundi na kuandika kwa Kiswahili. Huo nao ni mradi wa vitendo, na haufai kucheleweshwa, maana waliofika wakiwa watu wazima sasa ni wazee sana.

5. Usalama

Wanafunzi wasiingie majini. Kichocho kipo, na konokono wake hupenda maji yaliyotulia, yaani yale madimbwi ya kiangazi. Sampuli za wadudu zichotwe na mtu mzima mwenye buti za mpira na glavu, watoto wachambue sinia wakiwa nchi kavu. Vituo viwe kwenye vijito vidogo vya karibu na shule. Katuma penyewe kuna mamba na viboko, na kiboko aliyebanwa na ukame ni hatari zaidi. Karibu na makarasha ya dhahabu watoto wasichote wala kushika tope, kwa sababu ya zebaki. Kibali cha mzazi kiwe cha maandishi.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila shule ichague kituo kimoja tu, kilicho karibu, na isikibadilishe. Kituo kimoja kilichopimwa miaka mitano kina thamani kuliko vituo vitano vilivyopimwa mwaka mmoja.

Pili, usomaji uwe wa kila Jumatatu, mwaka mzima, na Julai hadi Novemba usikatizwe kwa sababu yoyote isipokuwa usalama. Ufanywe na madarasa yasiyo na mtihani.

Tatu, usomaji huo uingizwe kwenye azimio la kazi na andalio la somo la jiografia, sayansi na hisabati, ili usihesabiwe kuwa shughuli ya ziada. Hesabu ya chungwa ni kipindi cha hisabati. Pale tathmini endelevu inaporuhusu kazi mradi, daftari la mto likubaliwe kuwa kazi mradi.

Nne, wathibiti ubora wa shule waelezwe kwamba sifuri ni kipimo. Naomba jambo hili liandikwe kwenye kumbukumbu za semina hii kwa maneno hayo hayo.

Tano, daftari la mto liingizwe kwenye orodha ya makabidhiano ya shule, na nakala ya kila muhula ikae kwa afisa elimu kata. Mlezi akihamishwa, daftari libaki.

Sita, klabu iwe na walezi wawili, si mmoja. Sababu ni ile ile ya uhamisho.

Saba, kabla ya kuanza, mwalimu mkuu aitishe kikao cha wazazi, akiwapo mwenyekiti wa kijiji, na kutamka wazi kwamba daftari halina majina wala mashamba ya watu. Kisha ahadi hiyo itunzwe. Ikivunjwa mara moja, kazi imekwisha.

Nane, namba za kila mwezi zibandikwe ofisi ya kijiji, mahali pa kusomeka, kwa herufi kubwa. Namba zinazoishia kabatini hazimsaidii mtu.

Tisa, shule zilizo kwenye kijito kimoja zisome asubuhi moja na zipeane namba. Hili ndilo litakalotuonyesha maji yanapungulia wapi, nalo haliwezekani kwa shule moja.

Kumi, bodi za maji za mabonde yetu mawili, Rukwa na Tanganyika, ziombwe kwa heshima kumtuma mtaalamu walau mara moja kwa mwaka kukagua nguzo na kulinganisha usomaji wa wanafunzi na wa kwake. Tumewahi kujibiwa kwamba takwimu za shule hazikidhi viwango. Jibu hilo ni sahihi kitaalamu. Njia ya kuzifanya zikidhi ni kuja kuzikagua.

Kumi na moja, maadhimisho ya Machi, Aprili na Juni yaendelee, ila kila shule inayoadhimisha ionyeshe pia namba zake za Septemba iliyopita. Mgeni rasmi asomewe namba hizo kabla ya hotuba.

Kumi na mbili, wazee wahojiwe mwaka huu.

Kumi na tatu, nguzo zisimikwe Oktoba, maji yakiwa chini kabisa na kitako cha kijito kinaonekana, zikikitwa kwenye zege na alama ya sifuri ikilingana na sehemu ya chini kabisa ya kijito. Mvua za Novemba zikishafika, hakuna atakayeweza kuchimba shimo hilo hadi mwaka mwingine.